Barabara za Nairobi ni za Nani?

Msomaji, ukitaka kuujua mji, usiyatazame majumba yake tu. Zitazame na njia zake, uulize zilikatwa kwa ajili ya nani. Swali hilo katika Nairobi lina historia ndefu, na hata leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote.

Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali pa maji baridi, ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao, na wajenzi wa reli wakaweka hapo kambi na karakana. Mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishiwa huko kutoka Mombasa. Zama zile mizigo ilichukuliwa kwa magari ya kukokotwa na maksai, na yasimuliwa kwamba barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue ilifanywa pana ili gari la namna hiyo, pamoja na safu yake yote ya maksai, lipate kugeuka. Maksai walipotoweka, upana ule ulirithiwa na motokaa, zikapangwa kandokando yake kama ng'ombe zizini.

Lakini motokaa hizo zilikuwa za nani? Serikali ya kikoloni iliwatenga watu kwa rangi. Wazungu walikaa vitongoji vya magharibi na kaskazini, penye miti na viwanja vikubwa. Spring Valley ni kitongoji cha upande huo. Wahindi wengi walikaa Ngara na Parklands, na Waafrika wakawekwa mashariki, kama Pumwani na Kaloleni, na kipande shingoni. Mwaka 1948 wataalamu kutoka Afrika Kusini waliandika mpango mkuu wa kuufanya Nairobi mji mkuu wa koloni. Waendao kwa miguu walikuwa wengi, lakini katika baraza za mji sauti yao haikusikika.

Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa ubaguzi wa rangi katika sheria, bali desturi ya barabara ilibaki. Matatu, zilizopata jina kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi, ziliruhusiwa rasmi na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973. Hata leo, mwenye nyumba wa Spring Valley hushuka Lower Kabete Road kwa gari lake, akapita Westlands, akaenda kutafuta mahali pa kuliegesha mjini. Mtunza bustani wake, akiwa na haja mjini siku iyo hiyo, hupanda matatu au hutembea. Wote wawili wana haki ya kufika.

Hapo ndipo mjadala ulipozuka. Mwaka 2013 serikali ya kaunti ilipopandisha ada ya kuegesha gari kwa siku kutoka shilingi 140 hadi 300, wenye magari walilalamika sana. Tuwasikilize kwa haki: wao hulipa kodi, na wenye maduka huogopa kwamba mteja asiyepata pa kusimamisha gari atanunua kwingine. Lakini aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari za Nairobi zilifanywa kwa miguu. Nafasi ya gari moja, lililosimama tangu asubuhi hadi jioni, ingewapitisha mamia ya watu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 kaunti ilikubali sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Sera njema peke yake haitoshi. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni wakalazimika kutembea mwendo mrefu, na baada ya muda mfupi amri ikasimamishwa. Watu walikuwa wameondolewa chombo chao kabla ya kupewa kingine. Mwaka 2019 njia nyingine ilijaribiwa katika Luthuli Avenue, barabara yenye jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini: magari yaliachiwa upande mmoja tu wa kwenda, na njia za miguu zikapanuliwa. Tangu mwaka 2020 kazi ya namna hiyo ikafanywa pia katika Kenyatta Avenue na Wabera Street.

Basi, msomaji, tumejifunza nini? Kwamba upana wa barabara haukushuka kutoka mbinguni. Watu waliukata, na watu waweza kuugawa upya. Wenye kuugawa hawana budi kumwuliza kwanza yule ambaye hana gari, kwa maana yeye hana pengine pa kupita. Nawe, utakapoketi siku moja katika baraza la mji wako, umkumbuke hata kama wakati huo utakuwa na gari lako mlangoni.