Dodoso la Mtandaoni: Kupima Kilichojifunzwa Maktabani

Mwanafunzi anayeishi Muthurwa hayuko mbali na vitabu. Akielekea katikati ya jiji la Nairobi ataifikia maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Akishika njia ya Jogoo Road atafika maktaba ya Kaloleni. Darasa likipelekwa huko, mkutubi huwafundisha kutafuta kitabu katika katalogi na kukifuata hadi rafuni. Wakishaondoka, atajuaje kama wamejifunza? Njia iliyo rahisi siku hizi ni kutuma kiungo cha maswali kwenye simu, na maswali hayo ndiyo yaitwayo dodoso la mtandaoni.

Wakenya wengi watasema hojaji. Neno hilo ni zuri, na tasnifu zetu zimelizoea. Hata hivyo, kwa kazi hii nachagua dodoso, linalotumika sana Tanzania. Kuhoji ni kuuliza tu, lakini kudodosa ni kuuliza kwa kuchimba, mpaka litoke lile ambalo mtu asingelitaja mwenyewe. Uchimbaji huo ndio unaokosekana katika maswali mengi wanayopewa wanafunzi.

Tazama swali hili: “Sasa ninaweza kutafuta kitabu bila msaada.” Mtoto anachagua kuanzia “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”, kwa kipimo cha ngazi alichokibuni Rensis Likert mwaka 1932. Hapo tumepata maoni yake kuhusu nafsi yake, basi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alitenganisha jinsi mwanafunzi anavyolipokea somo na kile anachojifunza kutokana nalo. Miaka 40 baadaye, David Dunning na Justin Kruger walionyesha kwamba waliopata alama za chini kabisa katika majaribio yao ndio waliojikadiria kupita kiasi zaidi. Maktaba inayotegemea kipimo cha kujikadiria inaweza kupokea sifa tele, na bado wanafunzi wakatangatanga kati ya rafu.

Dodoso linalopima humpa mwanafunzi kazi ya kufanya. Katika mpangilio wa vitabu uliotolewa na Melvil Dewey mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili hupewa nambari 896.392. Muulize: kati ya 896.392 na 896.4, ipi inatangulia rafuni? Anayesoma tarakimu zilizo baada ya nukta kama nambari kamili atasema 896.4, kwa kuwa 4 ni ndogo kuliko 392. Aliyeelewa desimali atajua kwamba 896.392 ndiyo ya kwanza. Jibu lisilo sahihi hapa lina thamani kubwa, kwani linamwonyesha mkutubi mahali hasa somo lilipoteleza. Wataalamu wa mitihani huyaita majibu ya aina hiyo vipotoshi, na kuyatunga vizuri ni kazi ngumu kuliko kutunga swali lenyewe.

Au mwambie aandike maneno atakayotumia kutafuta historia ya nyumba za wafanyakazi wa reli za Muthurwa. Akiandika “Muthurwa” peke yake, ataletewa habari za soko na kituo cha matatu. Akiongeza “reli”, “nyumba” na “Landhies”, jina la barabara ya hapo, amefikiri kama mtafiti. Swali hili hupendeza kwa sababu linamhusu. Huenda babu yake alikaa katika vyumba hivyo.

Sasa huo mtandao. Mwanafunzi wa shule ya kutwa asiye na simu atajibu jioni kwa simu ya mzazi, ikiwa ina chaji na data, na ikiwa mzazi hana haja nayo sokoni. Wasio na simu nyumbani hawatahesabiwa kabisa, na matokeo yataonekana bora kuliko hali ilivyo. Afadhali dodoso lijazwe kwenye kompyuta za maktaba kabla darasa halijaondoka, hata kwa zamu. Majina hayahitajiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data binafsi za mtoto, nasi tunachohitaji ni namba ya siri tu, ili majibu ya kabla ya somo yalinganishwe na ya baada yake. Bila majibu ya kabla, mwanafunzi aliyekuja akiwa tayari anajua desimali atahesabiwa kuwa matunda ya somo la mkutubi.