Si Zumaridi, Si Chupa: Ijue Tsavoraiti, Jiwe la Kijani la Taita Taveta

Ukiwa na jamaa Voi, Mwatate ama Kasigau, siku moja utatumiwa picha ya jiwe la kijani kwa simu na swali moja tu: "Hii ni doo ngapi?" Kabla umjibu, kuna vitu unafaa kushikanisha, juu hapa ndipo wasee huchezwa pande zote mbili. Kuna anayenunua kipande cha chupa akidhani ni kito. Halafu kuna anayechimba mwezi mzima kwa jua kali, akipata kito chenyewe anamwachia broka kwa bei ya mlo, juu hajui ameshika nini.

Jiwe lenyewe linaitwa tsavoraiti. Jina limetoka Tsavo, ile ile ya simba na ya SGR. Kusema ukweli, Mkenya anaweza kumaliza shule bila kusikia hilo jina hata mara moja, ilhali duniani ni sehemu chache sana zinazotoa hili jiwe: Kenya, Tanzania na Madagascar ndio wenye kutajwa.

Tuanze na ukoo. Tsavoraiti ni ganeti. Wengi wanaijua ganeti kwa ile rangi ya damu ya mzee, kumbe hiyo ni familia kubwa yenye watoto wa kila rangi. Ndani ya familia kuna mmoja anaitwa grosula, na fomyula yake ni Ca3Al2(SiO4)3, yaani kalsiamu, aluminiamu, silikoni na oksijeni. Grosula ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na chuma inaweza kuwa ya chungwa ama kahawia, na hiyo wanaiita hesonaiti. Lakini ikiingiwa na vanadiamu, ama kromiamu, ama zote mbili, hata kwa kiasi kidogo tu, inageuka kijani. Hiyo kijani ndiyo tsavoraiti.

Fikiria nganya. Chesi ni ile ile, lakini moja ikipigwa rangi na graffiti inalipisha fare tofauti. Grosula ndiyo chesi, vanadiamu ndiyo rangi. Ndiyo maana kwa wanasayansi tsavoraiti haihesabiwi kama madini ya kujitegemea. Madini ni grosula, tsavoraiti ni aina yake iliyopewa jina na watu wa biashara. Na kijani ikiwa hafifu sana, wanunuzi wanaiita ganeti ya minti na bei inashuka.

Sasa hiyo SiO4 ndiyo inafanya iitwe silikati. Chora kichwani piramidi ndogo: silikoni iko katikati, oksijeni nne ziko kwa kona. Silikati zote zimejengwa na hizi piramidi, tofauti ni vile zimepangwa. Kwenye maika, ile ya kumetameta na kubanduka kama karatasi, piramidi zimeshikana zikawa shuka. Kwenye zumaridi zimeshikana sita sita zikafanya pete. Kwenye ganeti kila piramidi imesimama solo, na kalsiamu na aluminiamu ndizo zinazozifunga pamoja. Kundi hili la piramidi zisizoshikana linaitwa nesosilikati, na kwenye mpangilio wa Strunz, unaotumika sana kupanga madini, ganeti ziko 9.AD.

Hapo unaweza kuuliza, hii inanisaidia na nini? Inakusaidia sana, juu tabia zote za jiwe zinatoka kwa huo mpango. Piramidi zimefungwa kwa nguvu sawa kila upande, kwa hivyo tsavoraiti haina mstari wa kupasukia. Ukiivunja inavunjika ovyo kama glasi nene, haibanduki. Na mwanga ukiingia unapita kama mmoja, haugawanyiki mara mbili kama vile hufanya ndani ya zumaridi ama tomalini. Mtaalamu mwenye vifaa vidogo tu ataona hilo kwa dakika moja. Akiweka kito kilichokatwa kwa refraktometa atasoma kama 1.74. Zumaridi husoma karibu 1.57 hadi 1.58, glasi ya kawaida kama 1.52. Hiyo namba kubwa ndiyo siri ya vile tsavoraiti inang'aa kuliko zumaridi.

Ugumu wake ni kati ya 7 na 7.5 kwenye kipimo cha Mohs. Kisu cha chuma hakiwezi kuikwaruza. Lakini usidanganyike hapo, juu kwatzi pia haikwaruziki na kisu na iko kila mahali. Kipimo hicho kinafukuza mawe laini tu, hakithibitishi kito. Na tafadhali usikwaruze kitu kilichokwisha kukatwa.

Kipimo cha maana ambacho unaweza kufanya kejani ni uzito. Tafuta mizani ndogo ya dijitali, ile ya wauza dhahabu. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwa sufuri, funga jiwe kwa uzi na ulitumbukize likining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Andika namba mpya. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mfano jiwe kavu ni gramu 7.2, na ndani ya maji mizani inasoma 2.0: jibu ni 3.6, na hapo moyo unaweza kuanza kudunda, juu tsavoraiti iko karibu na 3.6. Zumaridi itakupa kama 2.7, glasi ya chupa kama 2.5, tomalini ya kijani kama 3.1. Kama ni kajiwe ka nusu gramu, mizani itakudanganya. Pia kuna glasi yenye risasi ndani ambayo inaweza kufikia uzito huo, na ndiyo maana bado unahitaji mtu wa refraktometa aikague na kuangalia kama kuna viputo vya hewa. Kiputo kikiwa duara safi, hiyo ni chupa, buda.

Kitu kingine kinachoipa heshima: zumaridi nyingi sokoni zimetiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Tsavoraiti kwa kawaida haitiwi mafuta wala haichomwi. Vile imetoka chini ndivyo inakatwa.

Na kutoka chini si mchezo. Haya mawe yalipikwa kama miaka milioni 600 iliyopita, wakati mabara yaligongana na kuunda ule Ukanda wa Msumbiji. Tope la zamani la baharini, lenye kaboni na vanadiamu, lilikandamizwa na kupikwa hadi kaboni ikawa grafaiti, ile ya penseli. Ndiyo maana wachimbaji hufuata mwamba mweusi wa grafaiti. Kito mara nyingi kiko ndani ya vinundu kama viazi, na shinikizo lilishavipasua vipande kabla hujazaliwa. Ukipata jiwe kubwa lisilo na nyufa umebahatika. Karati moja ni gramu 0.2, na kito kilichokatwa cha kupita karati 5 tayari ni habari.

Mtu aliyeiweka kwenye ramani ni mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland. Aliipata Tanzania mwaka 1967, upande wa Simanjiro, lakini hakupata kibali cha kuitoa nje. Akafuata mwamba huo huo ukivuka mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 70 akaipata Taita Taveta. Inasimuliwa aliishi kwenye nyumba ya juu ya mti na kuweka chatu kulinda mawe. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaitangaza kwa jina hilo la Tsavo, miaka sita baada ya kuipa jina tanzanaiti.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Agosti 2009, kukiwa na mzozo wa muda mrefu kuhusu migodi, kundi la watu waliojihami lilimvamia barabarani karibu na Voi na kumuua. Mwaka 2014 mahakama iliwahukumu watu wanne kifungo cha miaka 40 kila mmoja. Hivyo ndivyo kijani hiki kinaweza kuwasha moto.

Kwa hivyo jamaa yako akipata, ajue sheria imesimama wapi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyo ardhini yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Kuwa na hati ya shamba hakukupi kilicho chini yake. Mchimbaji mdogo anahitaji kibali chake, na anayenunua na kuuza anahitaji laisensi ya biashara ya madini. Broka akikuja usiku bila karatasi, anajua kwa nini amekuja usiku. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale mgodi ulipo. Jiwe likipita kwa mfuko wa broka bila kuandikwa popote, hiyo 10 ya kijiji ni sufuri.