Mzinga wa milimita 20 na swali la asilimia 4

Wanaonifahamu wanajua kwamba napenda historia ya vita karibu kama ninavyopenda programu, na leo nitachanganya vyote viwili. Kuna hesabu moja ya zamani iliyonitoa jasho hivi karibuni, lakini ili muielewe, lazima kwanza niwaeleze habari za mzinga mdogo.

Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utakuta mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, wenye kipenyo cha milimita 105. Ni mkubwa, na wageni hupenda kupigia picha hapo. Mimi leo nazungumzia mizinga ya milimita 20, ambayo mtutu wake una upana wa kidole gumba. Tofauti yake na bombom ya kawaida ni kwamba risasi ya bombom hutoboa tu, lakini mzinga huu hurusha kombora lenye baruti ndani, la gramu kama 120, linalopasuka likigonga. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mzinga wa vita na mzinga wa nyuki. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Babu wa ukoo huu ni mzinga wa Becker, uliotengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na kufungwa kwenye baadhi ya ndege zao za mabomu. Ujerumani iliposhindwa, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana isiendelee na kazi kama hiyo. Michoro ikavuka mpaka hadi Uswisi, kwa kampuni ya SEMAG pale Seebach, Zürich. SEMAG nayo ilipoanguka mwaka 1924, kiwanda jirani cha Oerlikon kikanunua haki zake. Sisi wa programu tunaijua sana hadithi hii. Mradi hufa, lakini msimbo wake huokotwa na mtu mwingine na kuendelea kuishi.

Kisha zikaja leseni. Wajerumani walichukua muundo huo wakaunda MG FF, ambao ulifungwa kwenye mabawa ya ndege za Messerschmitt Bf 109. Jeshi la wanamaji la Japani likaunda Aina ya 99, miwili katika mabawa ya kila ndege ya Mitsubishi Zero. Uingereza iliagiza mizinga ya melini mwaka 1939. Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 njia ya kutoka Uswisi ikafungwa, nao wakaanza kujitengenezea. Marekani ikafuata na kuitengeneza kwa makumi ya maelfu.

Matokeo yake ni kwamba katika Bahari ya Pasifiki, rubani wa Zero na baharia wa Marekani walirushiana makombora kutoka kwa mizinga ya babu mmoja. Mwenye kiwanda, Emil Bührle, aliwauzia Waingereza na Wafaransa kabla ya majira ya joto ya 1940, kisha akawauzia Wajerumani na Waitalia. Alikufa akiwa tajiri kupindukia.

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe. Bunduki nyingi hufunga kufuli nyuma ya risasi kabla ya kufyatua, ili mlipuko usimrudie mpigaji. Becker hakuweka kufuli. Aliweka kipande kizito cha chuma kinachosukumwa mbele na springi kubwa. Chuma hicho huibeba risasi na kuiingiza mtutuni, na risasi hufyatuliwa chuma kikiwa bado kinakwenda mbele. Mlipuko hulazimika kwanza kukisimamisha, ndipo ukirudishe nyuma. Katika kitambo hicho kifupi kombora limeshatoka na presha imeshuka. Muda wenyewe ndio kufuli. Nilipoielewa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Bei ya urahisi huo ilikuwa kwamba risasi zilipaswa kupakwa grisi zisikwame, na kwa kuwa chuma ni kizito, mzinga wa melini haukwenda kasi sana: risasi kama 450 kwa dakika. Kasha lake la duara lilibeba 60, kwa hiyo baada ya sekunde 8 za kufyatua mfululizo limekwisha, na mwenzako lazima awe tayari na jingine.

Mabaharia waliupenda kwa sababu haukuhitaji umeme wala mota. Ungeweza kuufunga kwa bolti popote penye nafasi sitahani. Mpigaji aliingiza mabega yake kwenye vishikio na kuugeuza kwa nguvu za mwili wake. Tatizo lilikuwa kulenga. Ndege inayokwenda kilomita 360 kwa saa hupita mita 100 kila sekunde. Ukiilenga ilipo, kombora lako litafika ilipokuwa. Charles Stark Draper wa chuo cha MIT alitengeneza kifaa cha kulengea kiitwacho Mark 14. Ndani yake mlikuwa na pia mbili, kama zile tulizochezea utotoni, zikizungushwa kwa hewa. Zilipima jinsi mpigaji anavyougeuza mzinga kuifuata ndege, kisha kifaa kikamsogezea alama ya kulengea. Hiyo ni tarakilishi jamani, ila iliendeshwa kwa upepo.

Haya, sasa ile hesabu. Mapema katika Vita Vikuu vya Pili, meli nyingi za mizigo za Uingereza zilikuwa zikipigwa na ndege katika Bahari ya Mediterania. Baadhi yake zikafungwa mizinga ya kutungulia ndege na kupewa watu wa kuipiga. Lakini mizinga ilikuwa ghali na ilihitajika kila mahali, kwa hiyo wakubwa wakauliza: inaleta faida gani? Takwimu zikakusanywa. Ikaonekana kwamba ilitungua kama asilimia 4 tu ya ndege zilizoshambulia. Asilimia 4! Mtu yeyote mwenye bajeti angesema ing'olewe, ipelekwe kwingine.

Habari hii imo katika kitabu cha Philip Morse na George Kimball, Wamarekani waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya kuchunguza vita kwa hesabu. Wanaeleza kwamba swali lenyewe lilikuwa limekosewa. Mizinga ile haikuwekwa ili iangushe ndege. Iliwekwa ili meli ifike bandarini. Kwa hiyo hesabu meli. Katika mashambulizi ya ndege zilizopita chini, pale mizinga ilipofyatuliwa asilimia 8 ya mabomu yaligonga, na asilimia 10 ya meli zilizoshambuliwa zilizama. Pale ambapo haikufyatuliwa, asilimia 13 ya mabomu yaligonga, na asilimia 25 ya meli zikazama.

Rubani aliyekuwa akiona mistari ya moto ikimjia alipinda, au aliachia bomu mapema, au alipaa juu. Hakutunguliwa, kwa hiyo hakuingia katika ile asilimia 4. Lakini bomu lake liliangukia majini. Hapa ndipo mzinga wa nyuki unaporudi. Kuna wakulima huku kwetu, karibu na Tsavo, wanaozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki ili kuzuia ndovu. Nyuki hao hawajamuua ndovu hata mmoja. Ukihesabu maiti za ndovu utasema mizinga haina kazi. Hesabu mahindi.

Nilisema hesabu hii ilinitoa jasho. Sababu ni hii. Mahali ninapofanya kazi tunatunza mfumo wa akiba na mikopo, na kila usiku kulikuwa na majaribio yanayojiendesha yenyewe kukagua kama programu bado inapiga hesabu sawasawa. Yalikuwa mazito na yalituchelewesha. Nikaombwa ripoti, nami nikahesabu makosa yaliyonaswa kwa mwaka: machache mno. Nikapendekeza yapunguzwe. Hakuna aliyenilazimisha, ripoti ilikuwa yangu na jina langu lilikuwa juu. Miezi miwili baadaye riba ya wanachama kadhaa ilikatwa mara mbili. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuja mwenyewe ofisini na vipande vyake vya malipo ndani ya bahasha, akaketi, akasubiri kwa upole. Ule upole ndio uliniumiza. Tulimrudishia pesa zake, lakini kwanza alikuwa amekosa karo ya mjukuu wake.

Nilikuwa nimehesabu ndege zilizoanguka. Sikuhesabu meli. Waandishi wa programu walipokuwa wakijua kuna majaribio usiku, waliandika kwa uangalifu. Yalipoondoka, kila mtu, nikiwemo mimi, alilegea kidogo.

Ningeweza kumalizia hapo, lakini historia haikumalizia hapo. Oktoba 1944, katika vita vya Ghuba ya Leyte huko Ufilipino, Wajapani walianza kupeleka vikosi vya marubani wa kamikaze, wanaojigongesha kwenye meli. Nyingi za ndege hizo zilikuwa Zero. Sasa nguvu kubwa ya mzinga wa milimita 20, yaani kumtisha rubani apinde, ikayeyuka. Huwezi kumtisha mtu aliyekwisha kukubali kufa. Ndege iliyokwisha kuelekezwa melini ingeendelea kuja hata ikiwa imetobolewa na rubani wake amekufa. Ilihitajika kitu cha kuivunjavunja angani, na gramu 120 hazikutosha. Wamarekani wakazidi kutegemea Bofors ya milimita 40, ambayo kombora lake lina karibu gramu 900, na baada ya vita wakasogea hadi milimita 76.

Mzinga ulikuwa uleule, na mabaharia walikuwa walewale. Kilichobadilika ni adui, na jibu sahihi la 1942 likawa jibu baya la 1945. Kwa hiyo somo si kwamba mizinga midogo ni mizuri siku zote, wala kwamba majaribio yasiguswe kamwe. Kila ukiletewa asilimia mezani, uliza kwanza imehesabu nini, halafu uliza kama hali iliyoizaa bado ipo.

Majaribio yetu yamerudi, mepesi kuliko mwanzo, na ripoti yangu ya kila mwezi imebadilika. Mstari wake wa kwanza hauhesabu makosa yaliyonaswa. Unahesabu wanachama waliokatwa pesa sawasawa. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini nimebadilisha, nikamwambia hadithi ya meli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama siku hizi ninalala vizuri.

Haya, kwaherini kwa leo. Wiki ijayo nitarudi kwenye programu, naahidi.