"Bila viza" maana yake nini hasa? Uzi kuhusu Kenya, Afrika Kusini na makaratasi ya safari

1/ Kampeni zikikaribia, hukosi kumsikia mtu jukwaani akisema, "Sisi ndio tuliwaondolea viza ya Afrika Kusini." Wa upande wa pili anamjibu, "Kelele tu! Watu bado wanarudishwa uwanja wa ndege." Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Leo tuangalie historia yenyewe, polepole. Kanuni ya hapa ni ile ile: hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama.

2/ Naanza na kisa cha kwetu. Mwaka 2023 shangazi yangu alikuwa aende Cape Town kwa mahafali ya binti yake. Alisikia redioni kwamba viza imeondolewa, akafurahi, akakata tiketi. Kwenye kaunta akaulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hana. Akasema, "Lakini si tuliambiwa hakuna viza?" Mhudumu akamjibu kwa upole, "Mama, viza haihitajiki. Kadi ndiyo inahitajika."

3/ Akasema basi, nichanjwe leo nisafiri kesho. Haiwezekani. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na mahafali yalikuwa yamebakisha siku nne. Aliyatazama kwa simu, akiwa sebuleni, amevaa lile gauni aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna aliyemdanganya. Ila hakuna aliyemweleza pia.

4/ Sasa, "bila viza" maana yake nini? Viza ni ruhusa unayoiomba kabla ya kuondoka kwenu: fomu, picha, taarifa ya benki, ada, halafu unangoja. Viza ikifutwa, kinachofutwa ni lile ombi la mapema. Ukaguzi unabaki, umehamia tu. Unafanywa kwenye kaunta ya ndege na kwenye dirisha la uhamiaji unapofika, na afisa wa pale bado ana uwezo wa kukukatalia.

5/ Turudi nyuma kidogo. Katika nchi zetu hizi mbili, watu walizuiwa kwa makaratasi ndani ya nchi zao wenyewe, muda mrefu kabla ya kugombania mihuri ya mipakani. Kenya tulikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alibeba alama za vidole na rekodi ya kazi zake ndani ya kikasha cha chuma, kimening'inia shingoni. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi.

6/ Afrika Kusini walikuwa na pasi. Na hapa kuna jambo ambalo kila mpiga kura angepaswa kulijua. Mwaka 1952 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria ambayo jina lake rasmi lilitaja "kufutwa kwa pasi". Soma ndani sasa. Pasi za zamani zilifutwa kweli, halafu kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 akalazimishwa kubeba kitabu kimoja kikubwa zaidi. Jina la sheria lilisema wameachiliwa. Yaliyomo yalisema wamefungwa zaidi.

7/ Tarehe 21 Machi 1960 watu wa Sharpeville walikwenda kituo cha polisi bila vitabu vyao, kupinga sheria hizo. Polisi waliwapiga risasi, watu 69 wakafa. Sheria za pasi ziliondolewa 1986. Silinganishi damu ile na foleni ya viza, hapana. Nasema tu kwamba ukisikia serikali yoyote imetangaza "tumefuta", fungua ndani usome imeweka nini mahali pake.

8/ Wakati wa ubaguzi, Kenya na Afrika Kusini hazikuwa na ujirani wa kutembeleana. Mwaka 1976 wanariadha wetu walikosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu Kenya iliungana na nchi nyingine za Afrika kususia. Hasira ilikuwa kwamba New Zealand ilishiriki michezo hiyo ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Uhusiano ulianza kufunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uchaguzi wa kidemokrasia ukafanyika Aprili 1994.

9/ Baada ya hapo milango ikafunguka, ila haikufunguka sawa. Kwa miaka mingi Mwafrika Kusini akitua Nairobi alipewa viza papo hapo, bure. Mkenya akitaka kwenda Johannesburg alipeleka maombi, akalipa, akaonyesha tiketi ya kurudi na pesa za kutosha. Malalamiko haya yalikuwa ya haki. Nchi mbili zinazoitana ndugu, mmoja anaingia na viatu, mwingine anasimamishwa nje ajieleze.

10/ Mwaka 2014 mambo yalichacha. Afrika Kusini ilileta kanuni mpya kali za uhamiaji. Kenya nayo ikajibu kwa kubana viza kwa Waafrika Kusini. Hii ndiyo nipe-nikupe ya kidiplomasia: ukinipandishia ngazi, nami nakupandishia. Nchi yoyote hufanya hivyo. Lakini anayelipa gharama ya mashindano haya ni mfanyabiashara, mwanafunzi na mama anayekwenda kumwona mwanawe.

11/ Tuwe waungwana, tusikilize upande wao pia. Afrika Kusini ina ukosefu mkubwa wa ajira, na wapo wanasiasa wa kule wanaopata kura kwa kuwalaumu wageni. Mwaka 2008 ghasia dhidi ya wageni ziliua zaidi ya watu 60. Serikali inayotawala katika hali hiyo huogopa kuonekana imelegeza mpaka. Kwa hivyo mazungumzo na Kenya yalichukua miaka, na hofu yao kubwa ilikuwa watu watakaoingia kama watalii halafu wasirudi.

12/ Novemba 2022 marais wa nchi hizi mbili walitangaza makubaliano hapa Nairobi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida angeingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 katika mwaka wa kalenda. Ni hatua kubwa, na aliyeifanikisha ana haki ya kujivunia. Ada imeondoka, safari za kupeleka maombi zimeondoka, wiki za kungoja zimeondoka.

13/ Lakini angalia hayo maneno "katika mwaka wa kalenda". Wengi hudhani ni siku 90 kila unapoingia. Sivyo. Ni jumla ya siku zako zote kuanzia Januari hadi Desemba. Ukienda Februari ukakaa siku 60, umebakiwa na 30 za mwaka mzima. Mfanyabiashara wa kwenda na kurudi ahesabu siku zake kwa kalamu, asitegemee kumbukumbu.

14/ Na mlangoni utaulizwa nini? Haya:
- Pasipoti ambayo haitaisha ndani ya siku 30 baada ya tarehe unayotarajia kuondoka kule, na yenye kurasa tupu za kupigwa mihuri.
- Tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari.
- Uthibitisho kwamba una pesa za kujikimu.
- Kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, kwa hivyo ukichanjwa mara moja, kitunze.

15/ Kazi je? Hapana. Ziara ya bila viza ni ya kutembea, kuona jamaa na mikutano ya kibiashara. Kuajiriwa kunahitaji kibali kingine kabisa. Na ukipitisha muda, kanuni zile za 2014 zinakupiga: ukizidisha kwa siku zisizozidi 30, unaweza kufungiwa nje kwa miezi 12. Ukipita siku 30, ni miaka mitano. Kwa hivyo anayesema jukwaani "vijana, nendeni Afrika Kusini mkatafute kazi, viza hakuna" anawapeleka vijana shimoni.

16/ Watoto pia wana historia yao. Kuanzia Juni 2015 Afrika Kusini ilidai kila mtoto abebe cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, na anayesafiri na mzazi mmoja awe na idhini ya yule mwingine. Lengo lilikuwa kuzuia biashara haramu ya watoto. Familia zikakwama viwanjani, sekta ya utalii ikapiga kelele, na baadaye masharti yakalegezwa. Hata hivyo, ukisafiri na mtoto, cheti kibebe. Hakina uzito wowote mkobani.

17/ Kwa nini kaunta ya ndege ndiyo inayokukatalia, na wao si serikali? Kwa sababu ukifika ukakataliwa, shirika lililokuleta ndilo linalobebeshwa mzigo wa kukurudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa hivyo yule kijana wa kaunta ni afisa wa uhamiaji asiye na sare. Hana nafasi ya kukuhurumia. Huo ndio mpaka wa siku hizi. Unaanzia Embakasi, hata kabla hujaona ndege.

18/ Tusiwanyooshee wenzetu kidole pekee. Desemba 2023 Kenya ilitangazia dunia kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna atakayehitaji viza kuja kwetu. Shangwe! Mahali pake ukaja uidhinishaji wa safari kwa njia ya mtandao: ujaze fomu kabla ya kusafiri, ulipe dola 30, ungoje jibu. Raia wa baadhi ya nchi waliokuwa wakiingia bure wakajikuta wanalipa. Wakauliza swali lile lile la shangazi: si mlisema hakuna viza?

19/ Kelele zilisaidia. Kwanza zikaondolewa nchi kadhaa zilizokuwa na mikataba ya kufutiana viza na Kenya. Halafu Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kuwaondolea sharti hilo raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Hilo linatufundisha kwamba masharti haya si amri ya Mungu. Yanaandikwa na watu, na watu wakibanwa kwa hoja huyaandika upya.

20/ Mlango uliofunguliwa hufungwa pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Jamaa wa pande mbili za Namanga na Taveta walitenganishwa na uamuzi wa watu wachache. Leo, tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tumezoea hadi tunaona ni kawaida. Haikuwa kawaida, na haijilindi yenyewe.

21/ Basi mtu akisimama jukwaani na kusema "tumewaondolea viza", mpigie makofi kidogo, halafu muulize: Ni siku ngapi, na zinahesabiwaje? Mlangoni watadai nini? Kuna ada imejificha kwa jina lingine? Na mmewaeleza wananchi wapi, kwa lugha wanayoielewa? Anayesema mkataba hauna maana yoyote, naye muulize: wewe ungependa turudi kwenye ada na foleni za zamani?

22/ Shangazi alichanjwa wiki iliyofuata. Alisafiri Desemba, akapita dirisha la uhamiaji kwa dakika chache, akapigiwa muhuri, akaingia. Binti yake alivaa joho tena wakapiga picha pamoja mlangoni pa nyumba. Ile kadi ya manjano sasa iko ndani ya pasipoti, imefungwa na raba, na kila jirani anayesema anasafiri lazima aulizwe kama anayo yake.

Uzi umeisha. Kama umewahi kukwama kwenye kaunta, tuambie hapo chini ni karatasi gani ilikukwamisha, mwingine apate kujua. Majina ya wanasiasa na vyama acheni kwao.