Ajali Ina Kinga

Anayeshuka melini Mkoani na kupanda gari ya Chake Chake hujionea mwenyewe. Barabara inapanda na kuteremka, kona juu ya kona, na pembeni wanafuatana watoto wa skuli. Palipo na skuli ya mikondo miwili, adhuhuri wapo wanaotoka na wapo wanaoingia. Dereva naye ana haraka ya abiria. Mtoto akigongwa tunasema: ajali haina kinga. Je, ni kweli?

Historia inasema vingine. Mwaka 1865 Uingereza ilitunga sheria kwamba gari la mashine litanguliwe na mtu wa miguu mwenye bendera nyekundu. Baadaye masharti yalilegezwa. Agosti 1896 Bridget Driscoll aligongwa na gari jijini London, akafa. Anahesabiwa kuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini humo.

Kamera nayo ina kisa. Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953, alibuni chombo cha kupima kasi ili ajue kukata kona upesi zaidi. Chombo cha mwenda mbio kikageuka mlinzi: kinapima mwendo na kupiga picha namba ya gari. London ilianza kukifunga njiani mwaka 1992.

Tanzania Bara madereva wanaijua tochi ya trafiki, na dawa yake pia: anayetoka mbele huwasha taa, mwenzake hupunguza, akishapita hukanyaga mafuta. Anayeogopwa ni askari, si mtoto. Kamera iliyosimikwa mbele ya skuli haina haja ya kujificha. Kila dereva ajue ilipo, kwani hapo ndipo tunapotaka apunguze.

Hesabu ni hii: kwa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa 30, mita 8 tu. Mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji masafa mara nne.

Umeme upo, waya wa baharini kutoka Tanga umefika Pemba tangu 2010. Kinachotakiwa ni daftari sahihi la namba za magari, na faini imfikie kila mkosaji, mkubwa kwa mdogo. Wakati tunangoja, tuta halihitaji umeme. Dar es Salaam shirika la Amend lilijenga matuta na njia za miguu karibu na skuli, na mwaka 2019 kazi hiyo ikatunukiwa tuzo ya kimataifa.

Mtoto wa Mkoani hana wa kumtangulia na bendera. Tumpe tuta leo, kamera kesho. Ajali ina kinga. Anayekosa kinga ni mtoto.