Solid Rock: lebo iliyovunjwa na kuchelewa

Albamu ya In Another Land inatimiza miaka 50 mwaka 2026, na ubishi kuhusu mwenye lebo iliyoitoa haujaisha. Je, Larry Norman, mwimbaji wa roki ya Kikristo aliyemiliki lebo hiyo ya Solid Rock, alikuwa mlezi wa vipaji, au alikalia jasho la wenzake?

Alikoanzia kunajulikana. Upon This Rock ya mwaka 1969 hutajwa na wengi kuwa albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo. Haikuuzika, na kampuni iliyoitoa, Capitol, ikaachana naye. Akafungua lebo ndogo ya One Way kwa msaada wa fedha za mwimbaji Pat Boone, na katikati ya miaka ya 1970 akaanzisha Solid Rock huko California.

Kazi iligawanywa. Norman alichagua wasanii na kusimamia studio; Word, kampuni kubwa ya muziki wa dini kutoka Waco, Texas, ikasambaza santuri. Matunda yalionekana mapema: Welcome to Paradise ya Randy Stonehill ilitoka 1976, na mwaka 1979 ikafuata Appalachian Melody ya Mark Heard. Tatizo ni kwamba mtu mmoja alikuwa prodyuza, bosi na msanii, tena mwenye ziara zake mwenyewe.

Hapo ndipo kundi la Daniel Amos, lililokuwa chini ya lebo hiyo, lilipokwama. Lilikuwa limeacha kantri likageukia roki, likarekodi Horrendous Disc mwishoni mwa muongo huo. Albamu haikutoka. Miezi ikapita, kisha miaka. Mwimbaji yeyote wa injili aliyewahi kumwachia promota masta yake anaijua hali hiyo: unapanda jukwaani na nyimbo ambazo msikilizaji hawezi kuzinunua. Mwaka 1980 wasanii, pamoja na Philip Mangano aliyefanya kazi na lebo hiyo, walimkalisha Norman kikao. Undugu wa kanisani haukusaidia. Lebo ikasambaratika na Word ikajitoa.

Horrendous Disc ilitoka 1981, mwaka uleule ambao kundi lilitoa ¡Alarma! kwa kampuni nyingine, likiwa na sauti mpya kabisa. Albamu mbili zikagombea mnunuzi mmoja.

Filamu ya David Di Sabatino, Fallen Angel (2009), inawasikiliza zaidi waliolalamika. Kitabu cha Gregory Thornbury cha 2018, kilichopekua nyaraka za Norman, kinampunguzia lawama, na hoja yake ina uzito: hata albamu ya Norman mwenyewe, Something New Under the Sun, ilikaa miaka kabla ya kutoka. Mtu anayejichelewesha mwenyewe si lazima awe mwizi. Ila msanii anayesubiri halipi kodi ya nyumba kwa nia njema ya bosi.

Norman alifariki Februari 2008. Orodha ya mwaka 2013 ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani ilimkumbuka kwa Only Visiting This Planet, albamu aliyoitoa kupitia Verve, lebo ya MGM. Santuri za Solid Rock, alizozihangaikia kwa mkono wake, hazikupata heshima hiyo.