Mji Uliojificha Nyuma ya Maharusi

Mwambie mtu akuonyeshe picha za zamani za Iringa, atakuletea fuvu la Mkwawa, boma la Wajerumani na jiwe la Gangilonga. Mwambie za Mbeya, atakuletea mlima Loleza, kimondo cha Mbozi na Wachina wakijenga reli. Zote ni picha za maana. Lakini muulize swali dogo: sokoni kulikuwaje siku ya Jumanne ya kawaida, mwaka 1978? Viazi vilipangwaje? Fundi cherehani alikaa upande gani wa baraza? Hapo ndipo utamwona anakuna kichwa.

Pengo hilo limenisumbua muda mrefu, maana na mimi ni mmoja wa wale wanaozunguka na simu mkononi wakitafuta picha mitaani kwao. Mbeya nazunguka Mwanjelwa, Sokomatola na Uyole. Nikiwa Iringa, Miyomboni na Ipogolo. Kabla hatujasema namna ya kuiona sanaa katika mambo ya kila siku, nadhani tuulize kwanza kwa nini waliotutangulia na kamera waliyaona mambo hayohayo na hawakuyapiga.

Tuanze Iringa. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa liliwapiga Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi wakaiangusha ngome ya Kalenga, na Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi ili asikamatwe. Kamera ziliingia Nyanda za Juu Kusini zikifuata misafara ya namna hiyo. Mwenye kamera alikuwa ofisa, mmisionari au mtafiti, na kila mmoja alishajua anachokitafuta kabla hajafika. Chukua kitabu kuhusu Wahehe kilichochapishwa Berlin mwaka 1908. Mwandishi wake, Ernst Nigmann, alikuwa ofisa wa kijeshi Iringa. Jina refu la kitabu hicho linaahidi historia, ibada, sheria, vita na uwindaji. Jiko halimo kwenye orodha hiyo, wala soko.

Na Mkwawa mwenyewe? Sura yake ninayoijua mimi ni ya kuchorwa kwa mkono. Picha za kamera tunazozihusisha naye ni za fuvu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe, ikachukua mpaka mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mtu aliyekuwa na sauti, hasira na watoto, kamera inatuletea akiwa mfupa.

Mbeya nayo ina hadithi yake. Ni mji mchanga, uliochangamka kuanzia miaka ya 1920 wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa. Mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott aliripoti habari za kimondo cha Mbozi. Udongo ulichimbwa kukizunguka, na tangu hapo wageni wamekuwa wakisimama kando yake na kupigwa picha, mkono mmoja juu ya chuma. Halafu ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Picha nyingi za ujenzi huo nilizoziona ni za madaraja, mahandaki na viongozi wakipeana mikono. Bibi aliyewauzia vibarua uji asubuhi simwoni. Na lazima alikuwepo, maana hakuna reli inayojengwa kwa njaa.

Kwa hiyo wageni walipiga maajabu. Sasa na sisi wenyeji je? Hapa tusiwe wepesi wa kulaumu. Enzi za mkanda, picha ilikuwa na bei. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, ukafanya kazi kidogo labda 37. Ulinunua mkanda, ukalipa kusafisha, ukalipa kila kopi, na usiku unaomba Mungu usiwe umeungua. Nani angetumia nafasi moja kati ya 36 kupiga gunia la viazi? Nafasi zile zilikuwa za harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali, na mtoto aliyefika mwaka mmoja. Pwani walitutangulia mbali: Zanzibar A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lakini hata huko mtu alikwenda studio kutoka katika siku yake ya kawaida: avae vizuri, asimame mbele ya pazia lililochorwa, aonekane kama anavyotaka kukumbukwa.

Kumbe basi picha za siku ya kawaida zipo, ila ziliingia kwa bahati. Nina albamu ya shangazi yangu, ya miaka ya 1980. Kuna picha moja ya maharusi waliosimama nje, karibu na soko la zamani la Mwanjelwa. Mpiga picha alihangaika na shela ya bibi harusi tu. Lakini nyuma yao yumo fundi baiskeli ameinamia gurudumu, kuna nusu ya kibao cha kinyozi, kuna mtoto mwenye sinia la karanga anayeishangaa kamera. Nilipomletea shangazi albamu ile tuitazame, maharusi aliwapita kwa sekunde mbili. "Hawa nawajua, mwanangu. Hebu niangalizie huyu fundi, siyo yule aliyekuwa anakaa karibu na kisima?" Tukabishana jioni nzima. Soko lile liliteketea kwa moto mwaka 2006, na leo pale pana soko la kisasa la ghorofa. Sehemu ya kibao cha kinyozi, iliyoingia kwa makosa, ndiyo inayonionyesha mimi Mwanjelwa ya zamani ilivyokuwa.

Tangu siku ile naangalia picha zote za zamani kwa kuanzia nyuma. Na nikienda mtaani najaribu kupiga kwa makusudi kile ambacho zamani kiliingia kwa bahati.

Wako waliofanya hivyo mapema. Eugène Atget alizunguka Paris tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1927, akibeba kamera nzito ya vioo. Alipiga milango, ngazi, madirisha ya maduka, wauza vitu wa barabarani. Hakujiita msanii, aliziuza picha kwa wachoraji na maktaba kama kumbukumbu za kufanyia kazi. Alipokufa, Mmarekani Berenice Abbott ndiye aliyezinusuru zilizobaki. Leo ukitaka kuijua Paris iliyobomolewa, unakwenda kwa yule mzee wa milango. Methali yetu inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Atget alikaa kwenye mbacha wake miaka 30.

Basi, mbacha wa Nyanda za Juu Kusini una nini? Kwanza una mwanga wake. Tuko juu, Mbeya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua letu hupanda haraka. Mwanga mzuri ni ule wa kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Baada ya hapo jua linakuwa la utosini na nyuso zote zinapata vivuli machoni. Juni na Julai kuna baridi na ukungu, kwa hiyo pale Uyole watu hutokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, blanketi mabegani, na mvuke wa chai unaonekana kuliko kikombe chenyewe. Oktoba mijakaranda hudondosha maua ya zambarau kwenye vumbi la Iringa, na mfagiaji anayafagia bila kuyaangalia.

Pili una maumbo. Simama sokoni sehemu moja, usihame kwa nusu saa. Utaona sado za maharage zilizojaa mpaka juu zikiwa safu moja kama vilima vya kwetu. Utaona lumbesa la viazi limeshonwa kwa kamba mpaka linafanana na mtu mnene aliyefunga mkanda. Utaona turubai la bluu likiwapaka wachuuzi wote rangi ya bluu, na nyanya peke yake zikabaki nyekundu. Iringa, panda Gangilonga jioni utazame mabati: mapya yanang'aa, ya zamani yamekuwa kahawia, na ukiyasoma vizuri unajua mtaa upi umepata pesa karibuni. Shuka Ipogolo ukaone madereva wa malori ya Zambia wakinyoa kwenye kioo cha pembeni. Kanuni yangu ni moja tu: nachagua kwanza kile kitakachokaa nyuma, kisha nasubiri mtu aingie.

Mtu akishaingia, ndipo ugumu wenyewe unapoanza.

Wapiga picha wa kikoloni waliandika chini ya picha zao "mwanamke wa Kihehe", "shujaa", "mbeba mizigo". Jina hakuna. Mtu aligeuzwa mfano wa kitu. Sasa mimi nikimpiga mama muuza viazi kwa siri, nikaweka mtandaoni na maneno matamu kuhusu mapambano ya maisha, nina tofauti gani na yule ofisa? Kamera yangu ni ndogo zaidi, basi.

Kwa hiyo nasalimia kwanza. Iringa "Kamwene" hufungua milango mingi. Mbeya "Mwagonile" asubuhi hufanya kazi hiyohiyo. Siku moja nilimwomba mama mmoja wa viazi nimpige picha. Alikuwa ameinama, mwanga unamgusa shingoni, mikono ina udongo, yaani kila kitu kimekaa mahali pake. Akasema, "Ngoja kwanza." Akanawa mikono, akatoa kilemba kipya kwenye mkoba, akafunga, akasimama wima, akanikazia macho kama yuko studio. Nikampiga hivyo. Halafu nikamwomba nimpige tena akiwa kazini, akakubali. Nikamwonyesha zote mbili. Ile ya kilemba aliipenda. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa sanaa, aliitazama kwa muda kisha akasema, "Hii ifute, mwanangu. Watu wataona nimeteseka, na mimi sijateseka, nafanya kazi."

Nikaifuta mbele yake.

Nimeifikiria sana kauli ile. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapa wateja saa, redio, hata gari la kusimama nalo, na leo picha hizo zinaning'inizwa katika makumbusho makubwa duniani. Wateja wake walitaka kilekile alichotaka mama wa Mbeya: kuamua wenyewe wataonekanaje. Sisi tunaotafuta "uhalisia" tunasahau kwamba kuna watu wamepigwa picha za uhalisia wa wengine kwa zaidi ya miaka 100, na wamechoka. Na bado naamini mikono yenye udongo ni mizuri, tena inastahili kukumbukwa. Siku hizi nampa mtu picha anayoitaka kwanza, naisafisha kwenye karatasi na kumpelekea. Nikirudi mara ya tatu au ya nne, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayesema, "Leo nipige tu hivihivi." Inachukua muda. Mgeni hana muda huo, anaondoka na basi la kesho. Mwenyeji anao, na ndiyo faida yetu kubwa kuliko kamera yoyote.

Kuna hatari nyingine ya kizazi chetu. Zamani picha zilikuwa chache kwa sababu ya bei; sasa ni nyingi mno, na zinakufa haraka. Unaweka picha nzuri ya ukungu wa Uyole kwenye status, baada ya saa 24 haipo. Simu inaibiwa Kabwe, na miaka 5 ya mtaa inaondoka nayo. Tunaweza kabisa kuwa kizazi kilichopiga picha nyingi kuliko vyote na kuacha albamu tupu.

Dawa ni ya kizamani. Kila mwezi chagua picha 10, zichapishe, na nyuma yake andika kwa kalamu mambo ambayo picha haiwezi kusema: mahali, tarehe, jina la mtu kama amekuruhusu, sado ya viazi ilikuwa shilingi ngapi, na nini kilikuwa nyuma ambacho hakikuingia kwenye fremu. Kama kuna kibao cha kinyozi, kiandike chote, usiniachie nusu.